MWITO WA MWITU: MBWA, NYIKA NA MSIMULIZI KATIKA FILAMU ZITOKANAZO NA RIWAYA ZA JACK LONDON

UTANGULIZI

Uhakiki wa Kiswahili umekwisha kuzoea kupima tafsiri ya kitabu kwa kitabu. Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, ilisomwa shuleni na vizazi kadhaa, na mhakiki anayetaka kuipima huweka vitabu viwili mezani na kuvilinganisha. Safari ambayo haijazoeleka ni ile iliyo ndefu zaidi: riwaya ya Kiingereza kugeuzwa filamu huko Marekani, kisha filamu hiyo kuifikia hadhira ya Kiswahili ambayo haikuiona riwaya na pengine haitaiona kamwe. Katika safari hiyo kazi hubadilika mara mbili, na mara zote mbili swali la msingi ni lile lile: ni nani anayesimulia?

Kitongoji cha Kimumu, kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Iten, ni mahali pafaapo kuuliza swali hilo. Hapo huishi wanafunzi, wafanyakazi, wachuuzi na wakulima wadogo wanaotumia Kiswahili kama lugha ya kuwakutanisha. Filamu huwafikia kwa runinga, kwa simu, na kwa nakala za flashi zinazouzwa mjini; na si chache kati yake huwa zimekwisha kupitia kinywani mwa msimulizi anayezungumza Kiswahili juu ya sauti ya asili. Mtazamaji wa Kimumu anajua baridi ya alfajiri, kwani uwanda huu uko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, lakini theluji anaijua kwa masikio na kwa picha. Mbwa anamjua vizuri: ndiye mlinzi wa boma usiku, anayefungwa mchana na kufunguliwa giza liingiapo.

Makala haya yanachunguza riwaya mbili za Jack London, The Call of the Wild (1903) na White Fang (1906), pamoja na baadhi ya filamu zilizotokana nazo. Hoja inayotetewa ni hii. Filamu, kwa kumwondoa msimulizi wa riwaya, zimemnyang'anya mbwa kisa chake na kumpa binadamu. Kwa njia hiyo hiyo zimeiacha nyika ikiwa tupu, kana kwamba haikuwa na wenyewe. Msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, ambaye wasomi wengi humdharau, anazo nyenzo za lugha za kurekebisha kasoro zote mbili, mradi azitumie kwa kujua.

1. MBWA KATIKA RIWAYA

London alikwenda Klondike, katika eneo la Yukon nchini Kanada, mwaka 1897 pamoja na maelfu ya watu waliokimbilia dhahabu. Hakurudi na mali, bali alirudi na habari. Miaka michache baadaye alitoa kisa cha Buck, mbwa mkubwa aliyeishi kwa raha nyumbani kwa hakimu mmoja huko California. Buck anaibwa na mtumishi wa shamba mwenye madeni ya bahati nasibu, anauzwa, anafungiwa katika sanduku, anapigwa kwa rungu hadi akili zake zijue nani mwenye nguvu, kisha anafungwa kamba kuvuta sleji, lile gari lisilo magurudumu linalokokotwa juu ya theluji. Anapita mikononi mwa mabwana kadhaa, wazuri na wabaya, mpaka anamfikia John Thornton, mtu wa kwanza anayempenda. Thornton anapouawa, Buck anajiunga na kundi la mbwa mwitu.

Mhakiki aliyelelewa katika nadharia ya utabaka hatakosa kuona kwamba hiki ni kisa cha mvuja jasho. Buck hakuenda Kaskazini kwa hiari. Alitekwa, akauzwa, akafunzwa utii kwa kipigo, na thamani yake ikapimwa kwa uzito anaoweza kuvuta. London mwenyewe alikuwa mjamaa aliyejiunga na chama cha kisoshalisti mwaka 1896, ingawa hakuepukana na ubaguzi wa rangi wa zama zake. Mbwa mwingine katika riwaya hiyo, Dave, anaugua akiwa njiani, lakini hataki kuondolewa katika kamba yake. Anataka kufa akiwa kazini. Hapo London anaonyesha jambo zito kuhusu kazi: jinsi mnyonywaji anavyoweza kuupenda mnyororo unaomuua, kwa kuwa nje ya mnyororo huo hana jina wala cheo.

Haya yote msomaji huyapata kwa njia moja tu, nayo ni sauti ya msimulizi. Buck hasemi. Si sungura wa hadithi zetu anayejadiliana na fisi. Msimulizi anaingia ndani ya fahamu za mbwa, anaeleza anachonusa, anachoogopa, anachokumbuka na hata anachokikumbuka kutoka kwa mababu zake, huku akikiri kwamba mbwa hawezi kuyataja hayo kwa maneno. Fani ya riwaya imejengwa juu ya umbali huo kati ya anayejua na anayesema. Ukiuondoa, nguzo ya riwaya imeanguka.

Fasihi simulizi ya Kiswahili inacho kisa kinachofaa kulinganishwa na hiki. Katika ngano ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa ngano za Waswahili mwaka 1870, masikini ananunua paa kwa senti alizookota jaani. Paa anamtajirisha na kumwoza binti wa sultani. Baadaye paa anaugua, bwana anamtupa mkono, na paa anakufa kwa huzuni. Ndipo yule bwana anapojikuta tena jaani, masikini kama zamani. Paa huyo anasema, Buck hasemi. Lakini katika visa vyote viwili mnyama ndiye kipimo, na binadamu ndiye anayepimwa. Utu wa bwana unajulikana kwa jinsi anavyomtendea asiyeweza kumdai. Kipimo hicho ndicho kitakachotumika hapa kuziangalia filamu.

2. FILAMU NA KISA KILICHONYANG'ANYWA

Filamu ya kwanza ndefu ya The Call of the Wild iliyo mashuhuri ilitoka mwaka 1923, wakati sinema ilikuwa bado bubu. Mwaka 1935 ikatoka nyingine iliyoongozwa na William Wellman, Clark Gable akiigiza kama Thornton. Hapa mabadiliko ni makubwa. Kiini cha kisa kimekuwa mapenzi ya Thornton na mwanamke aliyedhaniwa kuwa mjane. Mbwa anaonekana, anapendeza, anavuta mzigo, lakini ni wa kando. Tena Thornton hafi. Badiliko hili si dogo. Katika riwaya kifo cha Thornton ndicho kinachokata kamba ya mwisho iliyomfunga Buck kwa wanadamu. Thornton akibaki hai, kuondoka kwa mbwa hakuwi tena hatima. Kunakuwa kama ruhusa aliyopewa na bwana wake.

Mwaka 1972 Ken Annakin aliongoza filamu nyingine, Charlton Heston akiwa Thornton. Jina la mwigizaji mashuhuri ndilo lililobeba filamu, kama ilivyokuwa kwa Gable kabla yake na kwa Harrison Ford baada yake. Sababu si uzembe wa waongozaji tu. Kamera humwona mbwa kwa nje. Inaweza kuonyesha sikio lililosimama na mkia ulioinama, lakini haiwezi kusema kwamba mbwa anamkumbuka mtu wa kale aliyechuchumaa mbele ya moto. Palipokuwa na msimulizi pamebaki pengo, na pengo hilo hujazwa na uso wa binadamu ambao mtazamaji anaweza kuusoma.

Filamu ya White Fang ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Randal Kleiser, inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Riwaya yake inamfuata mnyama aliye robo mbwa na robo tatu mbwa mwitu tangu kuzaliwa pangoni, kupitia mikono ya bwana mkali na bwana katili, hadi kutulia California katika nyumba ya mtu mwema. Ni safari iliyo kinyume cha ile ya Buck, kutoka mwituni kwenda nyumbani, na maadili yake yako karibu na methali isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia: tabia ya mnyama ni kivuli cha mkono unaomlisha. Filamu inaanza na kijana wa kiume aliyekuja kutafuta mgodi wa marehemu baba yake, aliyeigizwa na Ethan Hawke, na inaishia huko huko Kaskazini, kijana akiamua kubaki na mnyama wake. Maana imepinduliwa. London aliandika juu ya mnyama anayefunzwa kuishi na watu. Filamu inahusu kijana anayekua, na mnyama ni sehemu ya malezi yake.

Filamu ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Chris Sanders, inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kwa sababu ilijaribu kuziba pengo hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumchora Buck kwa kompyuta. Wakati wa kupiga picha nafasi ya mbwa ilishikwa na mtu, Terry Notary, aliyejongea kwa miguu na mikono ili waigizaji wapate wa kumtazama. Kisha mchoro ukawekwa mahali pake. Matokeo ni mbwa anayekunja nyusi, anayeshangaa na kusikitika kama mtu. Fahamu za Buck zimeletwa juu ya uso wake, lakini zimeletwa zikiwa fahamu za kibinadamu. London alijitahidi kueleza akili isiyokuwa yetu. Mchoro huu unatuonyesha akili yetu wenyewe iliyovikwa manyoya.

Njia ya pili ni kumrudisha msimulizi. Sauti ya Ford inasimulia, naye ni Thornton mwenyewe. Mtu anayekuja kumfahamu Buck akiwa amekwisha kupita mikononi mwa wengi ndiye anayesimulia mambo yaliyotokea kabla hajamwona, na anaendelea kusimulia hata baada ya kufa kwake. Watengenezaji walihisi kwamba kisa hiki hakisimami bila sauti ya mtu anayesimulia, na hisia hiyo ilikuwa sahihi. Kosa lao ni kumpa usimulizi yule yule ambaye tayari amepewa kila kitu kingine. Kwa kipimo cha ngano ya Sultani Darai, ni sawa na kumwacha bwana asimulie kisa cha paa, na katika kusimulia ajipe sifa ya wema.

3. NYIKA NI YA NANI?

Riwaya ya 1903 inasema kwamba Thornton aliuawa na Wayeehat, kabila la wenyeji ambalo London alilibuni. Wanatokea mwishoni, hawana majina, hawana sababu, nao wanauawa na Buck kwa kisasi. Filamu ya 2020 imeona aibu ya jambo hilo na kuwaondoa kabisa; muuaji sasa ni mzungu mwenye tamaa ya dhahabu. Ni haki kuongeza kwamba filamu hiyo imempa mwigizaji wa asili ya wenyeji wa Kanada, Cara Gee, nafasi ya kuongoza sleji ya posta pamoja na Omar Sy. Lakini bonde la mwisho, pale ambapo mwito unasikika, halina mwenyeji hata mmoja. Katika riwaya mwenyeji alikuwa mwuaji. Katika filamu hayupo. Kosa la kwanza ni matusi, la pili ni ufutaji. Kwa mwenye ardhi, la pili si jepesi kuliko la kwanza.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika uwanda wa Uasin Gishu. Mwaka ule ule wa 1903 ambao London alitoa riwaya yake, serikali ya Uingereza ilikuwa ikijadili kuutoa uwanda huu kwa vuguvugu la Kizayuni uwe makao ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya. Tume ilikuja kuuangalia mwishoni mwa 1904 na mwanzoni mwa 1905, na baadaye mwaka huo mkutano wa Wazayuni ukaikataa ahadi hiyo. Kilichofanya ahadi iwezekane ni fikra kwamba hapa palikuwa nyika tupu. Lakini jina lenyewe la uwanda linatokana na Wamaasai wa Uasin Gishu waliochunga hapa. Wanandi nao walichunga hapa baada yao. Na mashimo ya Wasirikwa, yale mabonde madogo ya duara yanayoonekana bado katika nyanda hizi, ni mabaki ya maboma ya ng'ombe ya watu waliotangulia wote hao. Koitalel arap Samoei aliuawa mwezi Oktoba 1905, na Wanandi wakasukumwa katika hifadhi yao. Mwaka 1908 kundi kubwa la Makaburu kutoka Afrika Kusini liliwasili, likapanda kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji wa Eldoret ulianzia katika shamba namba 64, na hadi leo wenyeji huuita Sisibo.

Makaburu hao walitoka katika nchi iliyokuwa na kisa chake cha mbwa wa nyikani. Jock of the Bushveld, kitabu cha Percy FitzPatrick kilichotoka mwaka 1907 na kufanywa filamu mwaka 1986, kinahusu mbwa na bwana wake katika njia za magari ya ng'ombe za Transvaal. Muundo ni ule ule: mzungu, mbwa mwaminifu, pori lisilo na mwenyewe, na Mwafrika anayeongoza ng'ombe pembeni mwa kisa.

Kenya nayo inacho kielelezo chake, ingawa mnyama wake si mbwa. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilitoka mwaka 1960 kikisimulia habari za Elsa, simba jike aliyelelewa na watu na kurudishwa porini. Filamu yake, iliyoongozwa na James Hill na kupigwa picha nchini Kenya, ilitoka mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru. Hapa pia mwitu ni uhuru wa mnyama, na binadamu mwema ndiye anayeutoa uhuru huo kama zawadi. Nuru na Makedde, waliomtunza Elsa siku kwa siku, wametajwa na kuigizwa, lakini wamebaki watumishi katika kisa cha watu wengine. Nchi iliyokuwa imetoka tu kudai uhuru wake ilionyeshwa ulimwenguni kama mahali ambapo simba ndiye anayepewa uhuru.

4. MSIMULIZI WA KISWAHILI NA MSAMIATI WAKE

Katika Afrika ya Mashariki usimulizi wa filamu ni sanaa iliyokwisha kukomaa. Huko Uganda vijei kama VJ Jingo hufanya kazi hiyo kwa Kiganda. Dar es Salaam jina la Lufufu ni miongoni mwa yaliyotangulia. Nchini Kenya DJ Afro anajulikana na karibu kila kijana aliyewahi kuingia katika kibanda cha video. Msimulizi hatafsiri mazungumzo tu. Huwapa wahusika majina, hueleza wanachofikiri, hutabiri, hukejeli, na hunyamaza pale ambapo ukimya una faida. Kwa maneno ya fani, anarudisha katika filamu kile ambacho kamera ilikiondoa katika riwaya. Akipewa filamu ya mbwa asiyesema, msimulizi huyu yuko karibu na London kuliko alivyo mwongozaji wa Hollywood, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kusema kilicho moyoni mwa asiyesikika.

Ugumu wake unaanzia katika jina. The Call of the Wild ni nini kwa Kiswahili? Mwito wa Mwitu ni jina lenye mlio mzuri, kwani maneno mawili yanakaribiana kwa sauti kana kwamba mwito na mwitu ni kitu kimoja. Hata hivyo maana haiji nzima. Kwa London pori ni asili iliyopotezwa, mahali pa kurudi. Kwa Kiswahili, mwitu, pori na nyika ni majina ya mahali ambapo watu hawapo: miti, nyasi na hatari. Mtu akienda porini ameondoka katika utu, na kitu cha porini ni kinyume cha kilichofugwa au kulimwa. Msimulizi akisema kwamba Buck ameitwa na mwitu, hadhira yaweza kusikia kwamba amepotea. Akitaka waelewe kwamba amerejea, itambidi atafute njia nyingine. Methali inayo njia hiyo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ni methali ya baharini, lakini inasema hasa lile London alilotaka kulisema: msafiri hana budi kurudi katika kina cha chombo alimotoka.

Kuhusu jina la mnyama, Kiswahili kina bahati isiyotarajiwa. Kiingereza kina maneno mawili yasiyohusiana, moja la mbwa wa nyumbani na jingine la yule mnyama wa Kaskazini anayewinda kwa makundi. Kiswahili hakina jina la pekee la mnyama huyo, kwa kuwa hayupo katika nchi zetu. Watafsiri, wakiwamo wa Biblia, wamemwita mbwa mwitu, jina lililo pia la yule mnyama wa kwetu mwenye madoa na masikio ya duara. Mwanasayansi atalalamika kwamba wanyama wawili wamechanganywa, na malalamiko yake ni ya haki. Lakini kwa mhakiki, mchanganyiko huo una maana. Jina lenyewe linasema kwamba Buck na wale wanaomwita ni mbwa, na tofauti yao ni mahali wanapoishi tu. Kiswahili kimekwisha kusema katika jina jambo ambalo riwaya inahitaji sura saba kulithibitisha. Katikati ya hao wawili lugha ina mbwa koko, asiye na bwana wala mwitu. Msimulizi makini anaweza kumpitisha Buck katika majina yote matatu, mbwa wa nyumbani, mbwa koko, mbwa mwitu, na hadhira ikaiona safari nzima bila maelezo mengine.

Hadhira hizo zenyewe si za namna moja. Katika miji ya pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na picha ya Thornton akikumbatiana na mbwa wake haipokewi kama inavyopokewa Kimumu. Msimulizi anayezingatia hadhira yake atajua wapi aingize neno la kuwapa watazamaji njia.

5. NGELI NA NAFSI YA MBWA

Jambo kubwa zaidi liko katika sarufi. Kwa kanuni ya Kiswahili sanifu, nomino za viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA, umbo lake liwe lolote: mbwa huyu ameuzwa, mbwa hawa wamechoka. Sarufi yetu humpa mbwa kiambishi kile kile inachompa mtu. Mwandishi wa Kiingereza hana budi kuchagua kati ya kiwakilishi cha kitu na kiwakilishi cha mtu. Msemaji wa Kiswahili amekwisha kuchaguliwa na lugha yake, na uchaguzi huo ni wa heshima.

Lakini katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kenya bara, si ajabu kusikia mbwa hii imeuzwa. Upatanisho wa I-ZI umeenea hadi kwa wanyama, na mara nyingine hata kwa watu. Wasanifishaji huliita kosa, na hapo mjadala huishia. Ingefaa usiishie hapo. Katika mashamba ya walowezi wa nyanda hizi ilitumika namna ya Kiswahili ambayo wataalamu wameiita Kisetla, lugha ya amri ambamo upatanisho ulipunguzwa mno. Bila kudai kwamba matumizi ya leo yote yametokana na Kisetla, inatosha kukumbuka kwamba lugha ya shamba ilikuwa lugha ya njoo, lete na ondoka, na kwamba mtumishi na mbwa wote walihitajiwa kuielewa. Kiambishi kinachomgeuza kiumbe kuwa kitu kina historia katika uwanda huu.

Msimulizi anayezijua sarufi zote mbili amepewa chombo ambacho London hakuwa nacho. Buck anapoibwa, wezi wanaweza kusema: imefungwa, imepigwa, italipa. Mtu wa rungu anaweza kusema: jibwa hili litajifunza. Kina Hal, wanaomtwisha mzigo bila kumlisha, hawana sababu ya kubadilisha. Kisha Thornton anaingia, na kwa mara ya kwanza kiambishi kinageuka: amechoka, mwacheni, hatavuta tena. Hakuna hotuba itakayosema zaidi ya hapo. Mwishoni, Buck anapokuwa na kundi lake, msimulizi hana haja ya kauli ya bwana yeyote. Wanakimbia, wanalia, wamekwenda. Mtoto wa Kimumu ambaye hajui neno nomino atasikia kwamba jambo limebadilika, na atajua ni nani aliyelibadilisha.

Chombo hicho hicho chaweza kutumiwa vibaya. Msimulizi akitumia I-ZI tangu mwanzo hadi mwisho bila kufikiri, atakuwa amekubaliana na mtu wa rungu. Akitumia A-WA tangu mwanzo hadi mwisho kwa kuogopa mtihani, atakuwa amesema Kiswahili safi na kupoteza kisa. Usanifu wa lugha na usanii wa lugha si kitu kimoja, na mtazamaji anaathiriwa na vyote viwili.

Ndivyo ilivyo kuhusu nyika pia. Filamu ya 2020 inapolionyesha lile bonde la mwisho likiwa tupu, picha haiwezi kubadilishwa. Lakini msimulizi anaweza kuliita malisho badala ya pori, au kuuliza kwa sauti wenyewe wako wapi. Neno moja tu linatosha. Hadhira ya Uasin Gishu haihitaji kuelezwa swali hilo linatoka wapi.

HITIMISHO

Filamu zilizochunguzwa hapa zimefanya mengi mema. Zimewafikisha Buck na White Fang kwa watu wasiosoma riwaya, na baadhi ya picha zake, kama vile mbwa wakikokota sleji katika upepo wa theluji, zina nguvu ambayo maneno hayaipati kwa urahisi. Upungufu wake ni wa fani kabla haujawa wa maudhui: zimekosa msimulizi asiye bwana wa mbwa, na kwa kumkosa zimelazimika kumtukuza bwana na kuifuta nchi.

Upungufu huo hauwezi kurekebishwa Hollywood. Unaweza kurekebishwa katika studio ndogo ya msimulizi mwenye kipaza sauti na kompyuta moja, na kwa hadhira kubwa ya nchi hizi marekebisho hayo ndiyo yatakayokuwa kisa chenyewe, kwa kuwa hawatakutana na kingine. Kwa hiyo haitoshi tena idara za Kiswahili kuwaorodhesha wasimulizi hawa miongoni mwa wanaoharibu lugha. Masimulizi yao yarekodiwe na kunukuliwa kama zilivyonukuliwa ngano za pwani katika karne ya kumi na tisa. Yachambuliwe kwa upatanisho wake, msamiati wake na uchaguzi wake wa majina. Na wanafunzi wa tafsiri wapewe zoezi la kusimulia filamu kama wanavyopewa zoezi la kutafsiri ukurasa. Steere aliandika kisa cha Sultani Darai kwa kuwa alimsikiliza mtu aliyekisimulia. Wasimulizi wa leo wanasema kila siku, kwa sauti kubwa, hatua chache kutoka kwenye madarasa yetu, nao bado hawajapata wa kuwaandika.